Kadi Ndogo ya Mama Tusekile

1

Mama Tusekile aliingia katika chumba cha fundi akiwa amekishika kiwiko cha mumewe, kidole gumba chake cha kushoto kimeviringishwa utepe wa nailoni, ule wa kufungia miche. Mumewe, Mzee Anangisye, alikuwa na mkoba wa kompyuta begani. Mvua ya Tukuyu ilikuwa imewalowesha wote wawili, lakini mzee hakuvua koti hata alipokaribishwa karibu na jiko la umeme.

"Imezima tulipofika darajani," mama alisema baada ya salamu. "Hapa sikuoni, Subilaga. Nakusikia tu."

"Betri imekwisha?"

"Betri siku hizi haifiki mchana. Lakini sikuja kwa ajili ya betri."

Subilaga aliupokea mkoba, akaitoa ile kompyuta mpakato. Ilikuwa ya moto kama sufuria iliyoipuliwa sasa hivi. Akainama nyuma ya mama, akamvua miwani yake yenye kamera, akasogeza kitambaa cha kichwa kwa upole, na kuuchomoa waya mwembamba uliokuwa umenasa kisogoni, pale ambapo kibamba kidogo kilikuwa kimepandikizwa chini ya ngozi. Alikuwa fundi pekee wa macho ya kuchorwa, picha ambazo kompyuta humchorea kipofu kutoka kwenye kamera hizo, katika wilaya ile, na vichwa vya wateja wake alivijua kama kinyozi anavyovijua vya kwake.

"Haya, niambie mama. Inakusumbua nini?"

"Naona vizuri mno."

Subilaga alicheka. Mama hakucheka.

"Mimi kazi yangu ni kubebesha miche ya parachichi, unajua. Nachukua kikonyo, nakitazama, naona ni kibichi, vijicho vyake vimenona. Nakichonga, nakipachika kwenye shina, nafunga. Wateja wanachukua miche, wanaondoka wamefurahi. Halafu wanapiga simu. Wananiita kwa jina la binti yangu: Mama Lusajo, miche imekauka. Mama Lusajo, umetuuzia kuni. Jana jirani yangu kaja kitaluni, katia mkono kwenye ndoo yangu ya vikonyo, kaniuliza, 'Hivi vyeusi tii unavifanyia nini?' Mimi naviangalia, vya kijani! Nikasema basi, ngoja nijaribu kwa kidole kama zamani nilipokuwa sioni. Nimeweka kisu tu, picha ikakatika. Giza. Kisu kikapita hapa." Aliinua kidole chake kilichofungwa. "Sasa nauliza, haya ni macho au ni mapambo?"

Mzee Anangisye alikohoa. "Labda mvua imeingia humo ndani," alisema.

"Tutaona, baba," Subilaga alijibu, akaiweka kompyuta mezani na kuichomeka kwenye umeme.

Alikuwa tayari na wazo la tatizo lilipo. Kompyuta ile ilikuwa na kadi mbili za kuchora picha. Kadi ndogo ilichora polepole, kwa mistari ya kijivu, na haikuchora ila kile ambacho kamera za kwenye miwani zilikuwa zimekiona. Isipoona, iliacha pengo. Hiyo ilikuwa ya kazi za mikono: kushona, kuchambua mchele, kubebesha miche. Kadi kubwa ilikuwa ya barabarani na sokoni. Ilichora rangi na sura za watu, na ilichora upesi, kwa sababu haikusubiri. Pale ambapo kamera hazijafika ilijaziliza kwa kubahatisha, ikichota kwenye albamu ya picha ilizofundishwa. Bila kubahatisha huko mtu asingeweza kuvuka barabara. Gari lingekuwa limeshampita kabla halijachorwa. Mtu akiketi na kusogeza kitu karibu na uso, mashine ilitakiwa kuhamia kadi ndogo. Akisimama na kutembea, irudi kwenye kubwa. Kati ya kadi na kadi palikuwa na giza la pumzi mbili hivi, na wateja wote walifundishwa kusimama tuli mpaka lipite.

Mashine ya mama ilikuwa imeganda kwenye kadi kubwa. Ndiyo maana ilichemka, ndiyo maana ilimaliza betri na kukatika ovyo, na ndiyo maana vikonyo vilivyooza vilionekana vibichi. Kadi kubwa ilijua kikonyo kizuri kinavyofanana. Ilimchorea mama kile ilichokijua.

Kadi kukataa kubadilika halikuwa jambo geni. Mara nyingi ni programu zimegombana baada ya kuwekwa mpya, au vumbi limeziba feni. Subilaga alipuliza feni. Akaondoa programu ya kuendesha kadi, akaiweka upya. Akaiwasha na kuizima mashine. Kila alipoitafuta kadi ndogo, kompyuta ilijibu kama mtu anayeapa kwamba hajawahi kuwa na ndugu: kadi iliyopo ni moja tu, kubwa.

Akaiwasha tena na kuingia kwenye mipangilio ya chini kabisa, ule ukurasa unaotokea kabla kompyuta haijaamka sawasawa. Hapo akaikuta. Kadi ndogo haikuwa imeharibika. Ilikuwa imezimwa, na kufuli limewekwa juu yake.

Kufuli lile lilifunguliwa na vidole viwili tu: cha fundi wa kituo, na cha msimamizi wa mgonjwa. Cha fundi alikuwa nacho yeye mkononi, na hakukumbuka kukiweka.

Hakuinua uso. Aligusa kufuli kwa kidole chake, kadi ndogo ikaamka. Akaigeuza miwani ya mama pale mezani ielekee kwenye benchi walikoketi wale wawili, kisha akawasha skrini ya majaribio ambayo humwonyesha fundi kile anachokiona mgonjwa.

Kwanza ilitokea picha ya kadi kubwa. Mama na mzee wameketi bega kwa bega. Mzee ana mashavu, shingo imejaa kwenye kola, koti limemkaa sawasawa, rangi ya ngozi inang'aa kidogo kama ya mtu aliyetoka kuoga. Ilikuwa sura ya kwenye picha za harusi ya binti yao, Lusajo. Subilaga ndiye aliyeziingiza picha hizo kwenye albamu ya mashine, siku mama alipofunguliwa macho.

Akabonyeza ije kadi ndogo. Skrini ikawa nyeusi. Pumzi moja, mbili. Kisha mistari ikaanza kuja, taratibu, kuanzia kwenye benchi kwenda juu. Magoti mawili yamechongoka ndani ya suruali. Koti limening'inia. Shingo nyembamba, mishipa miwili imesimama kama kamba za hema, na uso ambao mashavu yake yalikuwa mashimo.

Subilaga aliitazama skrini, akamtazama mzee. Kati ya mzee wa picha ya kwanza na wa picha ya pili, hapakuwa na shaka yupi ni wa kweli. Aliyeketi mbele yake alikuwa yule wa mistari. Yeye mwenyewe alikuwa amempokea mlangoni, akamsalimia, akampa kiti, na akili yake ikasema tu, mzee amechoka na mvua.

Mzee Anangisye alikuwa anamwangalia machoni.

"Mama Lusajo," alisema bila kuyaondoa macho yake, "nenda barazani ukapate chai. Kuna mama pale anauza maandazi ya moto. Mimi nitabaki na fundi."

"Mnanifukuza?"

"Tunakupumzisha."

Mama Tusekile aliinuka, akakunjua fimbo yake nyeupe, akatoka akipapasa ukuta kwa nyuma ya vidole. Alipita mlangoni bila kujigonga popote.

2

Mzee alisubiri mpaka sauti ya fimbo iliposikika kwenye saruji ya baraza.

"Ni uvimbe kwenye kongosho," alisema. "Wameniambia kule Mbeya kwenye hospitali ya rufaa. Wamesema hawakati, wananipa dawa za maumivu tu."

"Pole sana, baba."

"Ndaga, asante, mwanangu. Nimeshapoa." Akashusha pumzi. "Sikujua habari za kadi. Wewe ndiye uliyenifundisha siku ile ya kwanza. Ulisema hii ndogo inaonyesha kila kitu kama kilivyo. Ikanikaa kichwani. Nilipoanza kupungua, nikaingia humo, nikaweka kidole."

"Na mama hajui kitu?"

"Ninalala chumba kile kingine. Nimemwambia kikohozi changu kitamnyima usingizi. Nguo nimeongeza." Alivuta koti akalifunga vizuri, kama vile limemuumbua. "Sikiliza, Subilaga. Huyu mwanamke amekaa gizani miaka mingi. Lusajo ameolewa mama yake hajamwona amevaa nini. Amepata macho mwaka jana tu. Asubuhi anaamka anatazama majani ya migomba anacheka peke yake. Sasa wewe unataka kitu cha kwanza atakachokitazama kwa utulivu kiwe mimi ninavyokwisha?"

Nje ndege ndogo ya mizigo isiyo na rubani ilipita chini chini, imening'iniza sinia la miche, sauti yake ikazima ya mvua kwa muda kidogo.

"Miche yake inakufa, baba," Subilaga alisema. "Jana amejikata."

"Miche nitamsaidia kuchagua mimi. Nitakaa naye."

"Mpaka lini?"

Lilikuwa swali baya, na alilijutia kabla halijamaliza kutoka mdomoni. Mzee alilipokea bila kununa.

"Mpaka nitakapoweza," alisema. "Sikuombi useme uongo. Nakuomba unyamaze. Mwambie mashine imezeeka. Rudisha kama ulivyoikuta. Mimi ndiye msimamizi, karatasi zenu zinaniruhusu. Kama unaona vibaya, mpigie bosi wako."

Subilaga alipiga. Mhandisi Kasebele, mkuu wa kituo kule Mbeya, alisikiliza mpaka mwisho, naye hakuwa mtu wa haraka.

"Msimamizi anasema nini?"

"Anasema izimwe."

"Basi izime. Subilaga, sisi tunatengeneza mashine. Mambo ya nyumba za watu tukiyaingilia hatutoki. Na ugonjwa wa mzee ni siri ya mzee. Ukiutoa wewe, umefanya kosa kubwa kuliko hilo la kadi."

"Lakini mama ndiye mwenye macho."

"Mama ndiye mgonjwa wetu. Msimamizi wake ni mume wake. Utaratibu upo hivyo, tusiubadilishe leo kwa simu."

Akakata simu, wala si kwa ukali.

Subilaga alibaki ameishika simu. Alilolisema mhandisi kuhusu siri lilikuwa kweli. Hakuwa na haki ya kuutoa ugonjwa wa mtu hadharani kama mzigo wa sokoni. Na alilolisema mzee lilikuwa na huruma ndani yake, huruma ya kweli, siyo ujanja. Alijaribu kufikiria anaweka kidole chake kwenye kufuli, anamfungia mama mkoba, anamwambia mashine imezeeka. Akamwona mama anarudi kitaluni, anaketi kwenye kigoda chake, anachonga vikonyo vilivyooza kwa uangalifu wote ule, anavifunga, anavipanga kwenye kivuli. Kisha siku moja mzee hayupo, na mama bado anamkumbuka mwenye mashavu, na watu wote waliomzunguka walijua isipokuwa yeye.

"Nikinyamaza mimi," alisema, "mashine itaendelea kusema. Inasema naye kutwa nzima, baba. Haina kingine inachofanya."

"Kwa hiyo unamwambia?"

"Simwambii ugonjwa wako. Huo ni wako. Lakini nitamwambia kadi yake ilizimwa, kwa sababu hiyo ni yake. Na nitaondoa kidole chako kwenye kufuli."

"Huna ruhusa hiyo."

"Sina."

Mzee Anangisye alitazama mikono yake. Hakupandisha sauti. Alionekana kama mtu aliyekuwa amebeba ndoo kwa mwendo mrefu na sasa anatafuta pa kuitua.

"Utaniacha mimi mahali gani?" aliuliza.

"Nitakupa nafasi ya kusema kwanza. Nitamwita, nitawaachia chumba. Mashine sitaiwasha mpaka mmalize."

"Sijui nitaanzaje."

"Hata mimi sijui, baba."

3

Mama Tusekile alirudi na andazi limefungwa kwenye karatasi, akamwekea mumewe mapajani. Mzee alilishika tu, hakulila.

"Mama," Subilaga alisema, "mashine yako ni nzima. Kadi ndogo haikufa. Ilizimwa, nami naweza kuiwasha sasa hivi. Ila kabla sijaiwasha, baba ana neno na wewe. Mimi natoka."

"Kaa," mama alisema.

"Mama, ni mambo yenu."

"Wewe ndiye unayeshika swichi. Kaa." Aliketi, akaipanga fimbo yake juu ya magoti. Uso wake ulikuwa umeelekea pale alipodhani mumewe yupo, na alikuwa amekosea kidogo tu. "Baba Lusajo, nakusikiliza."

Mvua ilikuwa imepungua. Feni ya kompyuta ilizunguka ikatulia. Mzee aliliweka andazi kwenye benchi. Subilaga alitamani kumsaidia kuanza, akajizuia.

"Nimekonda, mke wangu," alisema mzee.

"Kiasi gani?"

"Sana."

"Ni ugonjwa?"

"Ni ugonjwa."

"Una dawa?"

"Ninazo za maumivu. Ya kuponya hawana."

Mama Tusekile alitikisa kichwa polepole, kama anayejumlisha hesabu na ikatimia. Alinyoosha mkono, akaupata mkono wa mzee, akapandisha vidole vyake juu ya mkono wa koti mpaka kwenye kiwiko, na juu zaidi, akiuminya kila mahali kidogo.

"Nilijua," alisema, kisha akajisahihisha. "Hapana, sikujua. Unakumbuka siku tuliyovuka kijito kwenda kwa dada yako? Ulinishika, nikasikia mkono wako umekuwa kama mpini wa jembe. Nikashtuka. Nikakugeukia, nikakutazama, ukawa na mkono wako ule ule, mnene. Nikasema moyoni, ni vidole vyangu. Vimezeeka, havisikii tena vizuri. Vidole hivi vilivyonilisha miaka yote niliyokuwa kipofu, nikaviona vinadanganya." Aliendelea kuushika ule mkono. "Hata kwenye vikonyo ilikuwa hivyo hivyo. Nikikigusa nasikia kimekuwa laini, kimeoza. Nikikitazama ni kijani. Nikaacha kugusa."

"Nilitaka uone vitu vizuri," mzee alisema. "Nilitaka upumzike kidogo."

"Najua ulichotaka."

"Umenikasirikia?"

"Ndiyo." Alisema bila ukali. "Nitakukasirikia nyumbani. Hapa kuna mtoto wa watu." Akageuza uso kumtafuta fundi. "Subilaga, washa."

Subilaga alimvika miwani, akauchomeka waya kisogoni. Kabla ya kubonyeza chochote alifungua ukurasa ule wa chini, akafuta alama ya kidole cha msimamizi, akaweka ya mama mahali pake. Alifanya hivyo mbele ya wote wawili, akisema kila hatua kwa sauti, ili isiwe siri nyingine.

"Itaanza na kubwa, kama ilivyozoea," alisema. "Halafu nitahamisha. Kutakuwa na lile giza."

"Hilo nalijua."

Kadi kubwa ikaamka. Skrini ya majaribio ilionyesha anachokiona mama: yale mashavu. Alimtazama mume yule kwa muda, bila haraka, kuanzia paji la uso mpaka kwenye vifungo vya koti, na Subilaga aliona mdomo wake ukilegea kidogo kuelekea kwenye tabasamu.

"Haya," mama alisema.

Skrini ikawa nyeusi.

Wateja wengi katika giza lile hukamata meza. Mama Tusekile alikuwa ameushika mkono wa mumewe na hakuuachia. Mistari ikaanza kuja: kwanza mkono wenyewe, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu, mifupa yake mitano imenyooka chini ya ngozi. Kisha kifua. Shingo. Kadi ndogo haikuficha wala haikuongeza. Ilikwenda sehemu kwa sehemu, ikirudi nyuma pale ambapo mzee alitikisika, ikichora tena.

Mama alitazama mpaka uso ulipokamilika, na akaendelea kutazama baada ya hapo. Machozi yalimtoka chini ya miwani. Hayakuiharibu picha, kamera zilikuwa kwa nje.

"Vua koti," alisema.

"Kuna baridi."

"Vua, nikuone."

Mzee alivua. Mama alisogea, akashika kola ya shati lake, akaivuta kidogo, ikaacha nafasi ya kupitisha ngumi.

"Shati hili ni kubwa," alisema. "Nikifika nyumbani nitalipunguza."

4

Subilaga aliripoti mwenyewe alichokifanya, siku ile ile. Mhandisi Kasebele hakumfokea. Aliandika kwamba fundi amemwondoa msimamizi bila idhini, na alama ya kidole cha Subilaga ikafutwa kwenye kufuli za mashine zote za wilaya wakati kituo kikijadili jambo hilo. Katika majadiliano yale, aliambiwa, wapo waliosema afukuzwe, na yupo aliyeuliza kwa nini mgonjwa hakuwahi kuwa na kidole kwenye macho yake mwenyewe. Swali hilo halikujibiwa kikao kile. Liliahirishwa, na Subilaga akaambiwa asubiri, aendelee na kupuliza feni na kubadilisha betri.

Jumamosi moja, mvua zilipokuwa zimekatika, alipanda kwenda kitaluni kwa Mama Tusekile. Hakwenda kama fundi. Alikuwa amebeba kopo la asali.

Kitalu kilikuwa kwenye mteremko nyuma ya nyumba, kimefunikwa wavu mweusi. Mama aliketi kwenye kigoda, mkoba wa kompyuta ubavuni, na mbele yake miche iliyobebeshwa ilikuwa imepangwa kwenye vifuko vya udongo. Kazi ilikuwa inakwenda polepole kuliko zamani. Alichukua kikonyo, akakipitisha kwenye vidole kwanza, kisha akakisogeza karibu na miwani, kisha akakichonga. Kingine alikigusa tu akakitupa kando. Kwenye mkanda wa mkoba palikuwa na kitufe kidogo cha kubadilishia kadi, ambacho Subilaga alikuwa amekipachika siku ile kabla alama yake haijafutwa. Kilikuwa kimeshaanza kung'aa kwa kuguswa.

"Karibu, mwanangu. Nimetulia au naonekana natembea?" mama aliuliza.

"Umekaa, mama."

"Basi vizuri. Maana mashine sasa inanitii mimi, isije ikasingizia natembea, ikaniletea ile kubwa."

Mzee Anangisye alikuwa kwenye kiti cha uvivu karibu naye, amefunikwa blanketi mpaka kifuani. Alikuwa amepungua tena. Ndevu zake zilikuwa zimenyolewa vizuri, na shati lake lilimkaa shingoni sawasawa. Kitanda chake, mama alisema bila kuulizwa, kilikuwa kimerudishwa chumbani kwao. Lusajo alikuwa amekuja kutoka Dodoma na angekuja tena. Usiku mzee alikohoa kweli sasa, na mama aliamka kila alipokohoa, na mchana wote wawili walisinzia kitaluni kama kuku.

"Fundi," mzee aliita. Sauti ilikuwa imekuwa nyembamba, lakini kicheko bado kilikuwemo. "Mwambie mama yako abonyeze hicho kitufe. Kila siku ananitazama hivi nilivyo. Leo kuna jua. Aniweke kwenye ile kubwa kidogo, anione nikiwa mzuri."

Subilaga alimtazama mama. Hakuwa na kidole cha kubonyezea chochote, na alishukuru.

"Hiyo kubwa naitumia barabarani," Mama Tusekile alisema, huku akimaliza kufunga mche. "Hapa siitaki."

"Kwa nini? Ni mimi yule yule."

"Si wewe." Aliuweka mche chini, akajipangusa mikono kwenye kanga. "Yule wa kwenye kubwa nilimwangalia sana, baba Lusajo. Kumbe tangu mwaka jana ninaishi na yule. Ana mashavu, ana rangi, anapendeza. Lakini hajawahi kuniomba hata maji ya kunywa."

Upepo uliinua wavu ukaushusha, na kivuli kikatembea juu ya miche.

"Mimi naomba," mzee alisema.

Mama alitafuta kikombe kwa mkono, akakipata, akainuka kwenda kumchotea.